Mandazi ya Kioo

Noeli ya 2024 mtoto wa jirani yangu, mwenye miaka mitano, aliuma pambo la mti katika salo yangu hapa Himbi. Pambo lenyewe lilikuwa la kioo, umbo la mandazi ya duara yenye tundu katikati, limepakwa rangi ya waridi juu kama sukari iliyoyeyuka, na vidoa vidogo vya rangi nyingi. Shemeji yangu anayeishi Ubelgiji ndiye aliyetuletea, kartoni nzima yenye vitu kumi na viwili: mandazi, fimbo ya sukari yenye mistari myekundu na myeupe, biskuti yenye sura ya mtu, keki ndogo, aiskrimu ndani ya koni, bomboni iliyofungwa karatasi pande mbili, na vingine vya namna hiyo. Vyote ni kioo chembamba kama ganda la yai, kimepulizwa kwa mdomo na kupakwa rangi kwa mkono. Vilipita Kigali na Gisenyi ndani ya valizi, kila kimoja kimevikwa soksi. Hata kimoja hakikuvunjika njiani.

Mtoto hakuumia sana. Mdomo wa chini ulikatika, damu ikatoka, tukamwosha kwa maji ya chumvi, tukaangalia ulimi na meno kwa taa ya simu mpaka tukahakikisha hakuna kipande kilichobaki. Alipoacha kulia nikamuuliza kwa nini ameuma kile kitu. Akanijibu: "Papa Prof, nilizani iko mandazi."

Nilipoeleza jambo hili katika kikao cha chama chetu, nilifikiri watu watasikitika. Kumbe! Mmoja alicheka, akasema: "Batoto ya siku hizi habana adabu, kila kitu ni mudomo." Mama mmoja mwenye duka akasema kosa ni langu mimi, mapambo ya bei hutundikwa juu, mahali mkono wa mtoto haufiki. Halafu mzee mmoja tunayemheshimu sana akakata maneno: mti wa Noeli ni mambo ya Wazungu, na kitabu chetu cha mila hakina haja ya kuuzungumzia hata ukurasa mmoja. Tena kikao hichohicho, kabla ya kufungwa, kilipokea pendekezo la kununua mapambo ya kisasa, ya kioo kama yale yangu, kwa ajili ya mti wa chama. Yaani mti si mila yetu, lakini pesa ya kuupamba tunayo! Basi nimeomba nafasi hapa niwajibu wote, na ninajua watasoma.

Nianze na adabu. Mimi ninafundisha historia, mtanisamehe nikirudi nyuma kidogo.

Mti wa Noeli wa zamani ulikuwa mti wa kuliwa. Kuna maandishi ya mwaka 1605, ya mji wa Strasbourg, yanayoeleza jinsi watu wa huko walivyosimamisha miti ndani ya nyumba zao na kutundika matofaa, mikate myembamba, vitu vya sukari na maua ya karatasi. Katika nchi za Kijerumani watoto waliutazama mti huo siku zote za Noeli, wakimeza mate, mpaka karibu na Epifania, ndipo waliporuhusiwa kuutikisa na kuuvuna. Hiyo ndiyo ilikuwa sherehe yenyewe. Hapakuwa na mtu aliyesema mtoto hana adabu kwa sababu ameuma kilichotundikwa mtini. Kilitundikwa ili aume.

Kioo kilikuja nyuma. Katika milima ya Thuringia, nchini Ujerumani, kuna kijiji kinachoitwa Lauscha, ambacho kimepuliza kioo tangu 1597. Huko, katika kitabu cha hesabu cha mwaka 1848, ndimo linapoonekana agizo la mipira ya kioo ya mti wa Noeli. Kazi ilifanyika nyumbani, na jamaa nzima iliingia. Baba alishika mrija wa kioo juu ya moto, akaupuliza kama mtu anavyopuliza puto, mara nyingine ndani ya kalibu ili kitoke umbo la tofaa, la njugu au la ndege. Mama alimimina ndani mchanganyiko wa nitreti ya fedha, akautikisa mpaka upande wa ndani ung'ae kama kioo cha kujitazamia. Watoto walisaidia kupaka rangi na kuweka kikofia cha kutundikia. Mwaka 1867 gesi ilifika kijijini, moto ukawa mkali na wa kutulia, wakaweza kupuliza kioo kikubwa na chembamba zaidi. Mwaka 1880 mfanyabiashara wa Marekani, F. W. Woolworth, alinunua kiasi kidogo bila kuamini kwamba kitauzwa. Kiliisha upesi, na tangu siku hiyo Lauscha ikawa inapulizia dunia.

Lakini sikilizeni wanavyosimulia wenyewe asili ya jambo hili. Lauscha wanasimulia kwamba mpuliza kioo mmoja maskini hakuwa na pesa ya kununua matofaa na njugu za kutundika, akayatengeneza kwa kile alichokuwa nacho, yaani kioo. Upande wa Ufaransa, kule Meisenthal na Goetzenbruck, wanasimulia kwamba mwaka 1858 ukame uliharibu matofaa, mpuliza kioo akapuliza matofaa ya kioo ili mti usibaki mtupu. Hadithi mbili, nchi mbili, na zote zinaanzia palepale: chakula kilikosekana. Aliyetengeneza tofaa la kioo alijua ladha ya tofaa. Aliyelitazama alijua ladha ya tofaa. Mwaka uliofuata mvua ikinyesha, tofaa la kweli linarudi. Kioo kilikuwa kinamshikia nafasi yake.

Sasa mnieleze, mtoto wa Himbi akitazama fimbo ile ya sukari yenye mistari, anakumbuka nini? Hajawahi kuilamba. Hata mimi baba mtu mzima sijawahi. Biskuti yenye sura ya mtu, inayowakumbusha Wazungu nyumba ya bibi na harufu ya tangawizi jikoni, mimi inanikumbusha kitabu cha kujifunza Kifaransa cha darasa la pili. Vitu hivi vimetengenezwa kwa makusudi ya kumrudisha mtu utotoni, na ni vizuri kweli, sikatai, mwenye kuvipaka rangi ana mkono mwepesi kuliko wangu mara mia. Ila ule ni utoto wa watu wengine. Katika vyote kumi na viwili ni kimoja tu kilichonigusa: ile bomboni iliyosokotwa karatasi pande mbili. Hiyo niliijua. Mama yangu mzazi aliificha ndani ya kitenge kilichokunjwa kabatini, na sisi tulijua kitenge ni kipi.

Na mtoto wa jirani aliitambua mandazi. Kati ya vitu kumi na viwili alichagua kile kimoja ambacho yeye anakila. Mnasema hana adabu? Mimi nasema alisoma alama sawasawa kuliko sisi wote tuliokuwa tumekaa pale na suti zetu.

Jibu la pili ndilo linaloniudhi zaidi, kwa sababu lina sura ya hekima. Tundika juu! Himbi mnaijua. Kuna parseli zenye kuta ndefu na milango ya chuma, zinazoteremka mpaka ziwani, na nyuma yake, avenyu ileile, kuna nyumba za mbao zilizosimama juu ya mawe meusi ya volkano. Watoto wa pande zote mbili wanapita njia moja kwenda shuleni. Sisi tuliokulia hapa tunakumbuka tarehe 25 Desemba ilivyokuwa: watoto wamevaa nguo mpya, nyingine bado na karatasi ya bei, wanatoka kundi kwa kundi kupita nyumba kwa nyumba kusalimia. Hawakuchagua mlango. Na kila nyumba, hata ya mjane, ilikuwa na sahani mlangoni au juu ya meza ndogo: mandazi, bitumbula, vipande vya muwa, ndizi kamaramasenge, karanga. Unaingia, unasema "Noeli njema, mama", unapewa, unaondoka. Mwenye nacho aliongeza Fanta, glasi moja kwa watoto watatu.

Hiyo ndiyo mila ninayoitetea, na ilianza usiku wa tarehe 24. Goma iko juu, karibu mita 1500, usiku kuna baridi, unga wa ngano hauumuki hivihivi. Mama aliukanda saa kumi na moja jioni kwa chachu, sukari, chumvi kidogo na maji ya vuguvugu, akaufunika kwa kitambaa ndani ya beseni, akaliweka beseni karibu na mbabula, si karibu sana, akatukataza kufunua. Tulifunua. Unga ukishapanda alikata vipande kwa mkono uliopakwa mafuta, akaviweka katika sufuria nyeusi, navyo vinazama kwanza, halafu vinapanda, vinageuka vyenyewe upande mmoja kama mtu anayejigeuza usingizini. Dada yangu mkubwa alikuwa na kazi ya kutoa, mimi kazi ya kuhesabu. Zile zilizoungua kidogo hazikuhesabiwa, hizo zilikuwa zetu usiku uleule, moto, mpaka zinachoma kaakaa. Karanga zilifungwa katika koni za karatasi za daftari la mwaka uliopita. Siku moja, tayari nikiwa mwalimu, nilinunua karanga njiani Birere nikakuta kwenye koni imla niliyosahihisha mimi mwenyewe, nne juu ya kumi. Karanga zilikuwa tamu.

Leo sahani imepungua na mti umekua. Tunanunua taa za Kichina, nyota, riboni, na pamba ya farmasi tunayotandaza juu ya matawi kuigiza theluji. Theluji, Goma! Wakati Karisimbi, yenye mita 4507, ikipata weupe wake asubuhi za baridi tunaiona kutoka barabarani, na hatuinui hata kichwa. Halafu tunafunga mlango ili watoto wa watu wasiguse. Mtu anayesema "tundika juu" anasema, kwa maneno mengine, kwamba utamu wa Noeli ni wa kutazamwa na wageni waliokaa kwenye viti, na wale wafupi waliosimama wabaki na macho. Mti wa 1605 ulikuwa na heshima kuliko huu wetu.

Hapa inanibidi niseme jambo ambalo kwenye kikao sikulisema, kwa aibu. Mwisho wa 2024 barabara za Masisi na Rutshuru zilikuwa zimekatwa na vita, makala na maharagi vilipanda bei kila wiki, na mji ulijaa ndugu zetu waliokimbia vijiji vyao, kule Bulengo, Lushagala, Kanyaruchinya. Mama watoto aliniuliza kama tutapika mandazi. Nikajibu: mwaka huu hapana, pesa haitoshi, tutawapa watu chai. Lakini mti niliusimamisha, tawi kubwa la sipre, na vioo vya shemeji nikavitundika mwenyewe, kimoja kimoja, nikirudi nyuma kutazama. Nilitaka wageni waone kwamba na sisi tuna mtu Ulaya. Mtoto wa jirani aliingia akiwa na shati jipya, akasalimia vizuri kabisa, "Noeli njema, Papa Prof", akatazama meza ndogo karibu na mlango, mahali ambapo kila mwaka alikuta sahani. Meza ilikuwa na vikombe tu. Ndipo akainua macho, akaona mandazi juu ya mti.

Basi msinieleze habari za adabu.

Nimfikie mzee wetu. Mzee, ninakuheshimu, na unajua kwamba mimi ndiye niliyeandika katika kitabu hiki juu ya majina ya ukoo. Lakini hoja yako imeshajaribiwa na wenye nguvu kuliko sisi. Mwaka 1974 serikali ya Zaire, katika siasa yake ya uhalisi, iliondoa tarehe 25 Desemba katika siku kuu za mapumziko. Baba yangu alituambia kwamba siku hiyo alikwenda kazini kama siku nyingine, akarudi jioni, akakuta mandazi. Noeli haikufa. Haikuwa na sheria, haikuwa na bendera wala mapambo ya dukani, ilikuwa na sufuria nyeusi ya mafuta. Akina mama ndio walioishika, na hakuna hata mmoja aliyeuliza kama ni ya Wazungu au ni yetu.

Tena tukianza kupima damu ya kila kitu tutabaki na nini? Ngano ya mandazi haikuotea hapa zamani. Mandazi yenyewe watu wa pwani wanayajua kama sisi, na lugha hii ninayokuandikia ilifika huku kwa njia ya misafara kutoka huko pwani, hatuioni kuwa ngeni. Sukari tuliyokula zamani ilitoka Kiliba, karibu na Uvira, kiwanda cha wakoloni ambacho vita vilikuja kukisimamisha katika miaka ya 1990, na watu wazima bado wanaisifu kana kwamba ilikuwa ya babu zao. Sipre ya uzio wako, mzee, ililetwa. Kitu kinakuwa mila kwa sababu mikono ya watu imekishika miaka mingi, wakakigeuza kidogo, wakapeana.

Na kioo pia kingeweza kuwa hivyo. Sisemi kioo kina laana. Kule Kitengela, karibu na Nairobi, kuna watu wanaoyeyusha vioo vya madirisha vilivyovunjika na kupuliza glasi, mitungi na shanga. Arusha, nchini Tanzania, kuna karakana inayoitwa Shanga ambapo mafundi wenye ulemavu wanatumia chupa zilizotupwa, na mgeni anaweza kusimama akatazama chupa ya bia ikigeuka kuwa kitu kingine. Chupa zinazokosekana Goma ni zipi? Siku ambayo kijana wa Mabanga atapuliza ndazi ya kioo kwa chupa iliyookotwa Majengo, na akaipaka rangi ile ya kahawia ambayo mandazi inapata dakika moja kabla ya kuungua, mimi nitakuwa wa kwanza kuinunua, na nitaitundika, juu au chini, mahali pazuri. Hata kabla ya kioo tuna mbao. Vijana wanaochonga chukudu kwa panga wanaweza kuchonga muwa, koni ya karanga, kamaramasenge. Mji wetu uliisimamisha chukudu kwenye mzunguko wa barabara, imepakwa rangi ya dhahabu, na hakuna aliyeona ni kitu kidogo. Na huko Mutwanga, chini ya Ruwenzori, kimeanzishwa kiwanda cha chokoleti ya kakao ya Beni. Kakao yetu ilikuwa imekwenda Ulaya miaka na miaka, ikarudi kama picha kwenye kioo.

Hayo ni ya kesho. La leo ni pendekezo lililoko mezani kwa kamati, la kununua mapambo ya kioo kwa mti wa chama. Mimi nalipinga, na naomba jina langu liandikwe katika ripoti. Nilisoma bei kwenye kikaratasi ambacho shemeji alisahau kukitoa chini ya ile koni ya aiskrimu: euro kumi na nane, kitu kimoja. Kumi na viwili ni euro 216. Ninawapa wanafunzi wangu hesabu ngumu kuliko hiyo. Mama anayepika mandazi pembeni ya barabara yetu, ukimpa pesa hiyo, anapikia watoto wa avenyu nzima na bado anakurudishia.

Mwisho wa Januari 2025 vita viliingia mjini. Kila mmoja wetu ana ya kwake ya wiki ile, sitaki kuyaandika hapa. Upande wangu madirisha mawili yalipasuka kwa mshindo, na glasi zote za kabatini zikaanguka. Siku tulipoanza kufagia nilipanda kwenye kiti nikaishusha kartoni ya Noeli. Vile vitu kumi na kimoja vilikuwa vizima kabisa ndani ya soksi zake. Jirani yangu na watoto wake walikuwa wameshapanda boti kwenda Idjwi kwa bibi yao, na mpaka naandika haya hawajarudi. Yule mdogo ninamdai samahani, na yeye ananidai ndazi.

Kwa hiyo kamati ikutane, ijadili, mimi sitangoja matokeo. Tarehe 24 Desemba, saa kumi za mchana, tutakuwa na mbabula tatu katika uwanja wa chama, na tawi la sipre chini, urefu wa mtoto, la kutundikia kwa nyuzi za raba ya baiskeli. Mimi naleta unga wa ngano kilo kumi na bidoni ya mafuta ya litri tano. Dada yangu mkubwa atakanda, bado anapiga mikono ya watu wanaofunua beseni. Yule mama mwenye duka, ingawa bado anasema kosa lilikuwa langu, ameniahidi sukari. Zinakosekana karanga, miwa, na mtu mwenye daftari za zamani.